Koko na Katuni za Kijapani

Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi Durban, alimkuta mjukuu ambaye hakuweza kuzungumza naye. Binti yetu alikisikia Kiswahili vizuri. Ukimwambia alete chumvi, ataleta. Ukimkaripia, anajua amekaripiwa. Ila kinywa chake kilijibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake wa shule alichanganya Kiingereza na Kizulu kwa kasi iliyonipita hata mimi niliyekaa hapa miaka mingi. Alikuwa na miaka kumi na tatu, amezaliwa hapahapa, na Kongo kwake ilikuwa nchi ya watu wanaopiga simu Jumapili na kutaka aseme chochote.

Mama mkwe naye alitoka Uvira na Kiswahili chake cha kule, Kifulero cha kwao, na maneno machache ya Kifaransa aliyobakiza kutoka shule ya misheni. Tulimwita koko, kama wajukuu wa kwao wanavyomwita nyanya yao. Mimi nililelewa katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwambia binti yetu, "Msalimie bibi." Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kwao bibi ni mke wa mtu, na mama yake alikuwa ameshaanza kuuliza, "Bibi ya nani?"

Tulikaa, na bado tunakaa, kwenye fleti ya vyumba viwili Overport, ghorofa ya tatu. Mimi nasuka nywele kwenye saluni moja karibu na Warwick, na mume wangu ni mlinzi wa ghala moja upande wa bandari. Mchana koko alibaki peke yake. Alifagia sakafu isiyokuwa na vumbi. Alikaa dirishani akitazama magari yakisimama kwenye robot, taa za barabarani, na kuondoka. Binti yetu akirudi kutoka shule walisalimiana, kisha kila mmoja akarudi kwenye kimya chake.

Jioni moja koko aliniambia kwamba mtoto yule anamwogopa. Nikamjibu kuwa hamwogopi, anaona aibu, na ilikuwa kweli. Wiki ya kwanza alikuwa amejaribu. Alitaka kumkaribisha chai, akatunga sentensi yake kwa Kiingereza kichwani, akaitoa kwa Kiswahili: "Koko, utakuwa na chai?" Koko akamjibu kwamba yeye hana chai, chai yote iko jikoni. Tukacheka, naye akacheka pia, lakini tangu siku ile akafunga mdomo.

Kilichomshughulisha binti yetu wakati huo kilikuwa katuni za Kijapani. Wenzake darasani, Wazulu na Wahindi na watoto wa wageni kama sisi, wote walikuwa nazo. Walizijua nyimbo zake za mwanzo na za mwisho kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeifahamu. Walichora vichwa vyenye macho makubwa nyuma ya madaftari. Mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini, ambaye mama yake ni wa ukoo wa wale Wazanzibari wa zamani wa Bluff, hapahapa Durban, alimwita binti yangu kwa neno la Kijapani lenye maana ya mkubwa wake shuleni, naye akaitika bila kushangaa. Mimi niliyaona hayo kama nilivyoona mitindo mingine ya watoto: inakuja, inakaa, inaondoka.

Saluni yetu haifunguliwi Jumatatu. Ilikuwa Jumatatu moja ya mvua, nikiwa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo, binti yetu ametoka shule na kuwasha televisheni. Alikuwa akifuatilia hadithi ya familia ya watengeneza taa za karatasi katika kijiji cha milimani. Njia ya kwenda kijijini ilifunikwa na ukungu mwaka mzima, na ndani ya ukungu mlikuwa na viumbe wanaopoteza wasafiri. Kaka mkubwa katika familia ile alitoka kila jioni na taa kuwapokea watu njiani na kuwafikisha salama. Mdogo wake wa kike alibaki nyumbani akimsubiri. Sauti ilikuwa ya Kijapani, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza. Kulikuwa na sauti za Kiingereza pia, mtu akitaka, lakini binti yangu hakuzitaka. Alisema zile zinasoma tu, hazilii.

Koko alikaa nyuma yake kwenye kochi, sinia ya maharage mapajani, anachagua mawe. Nikamsikia akiuliza, "Uyu mutoto analia juu ya nini?"

Kisha binti yangu akajibu bila kugeuka, "Yaya yake anaenda."

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Koko akauliza anaenda wapi. Mlimani. Kufanya nini? Hapo Kiswahili kikamwishia mtoto, akaja jikoni mbio kuniuliza neno la ukungu. Nikampa. Akarudi nalo. Koko akasema kumbe, hata kwao kwenye milima ya juu ya Uvira ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, mtu anamtafuta mbuzi wake kwa kusikiliza. Sikujua kama mtoto alielewa yote, lakini nilimwona ameigeuza shingo na anamsikiliza.

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku baada ya shule koko alikuwa tayari kwenye kochi. Mwanzoni tafsiri zilikuwa nyembamba sana. Amekasirika. Anasema hapana. Anataka kula. Koko hakuridhika. Alilalamika kwamba yule mzee kwenye televisheni amesema maneno mengi, mate yamemruka, na yeye anapewa neno moja tu. Basi binti yangu akaanza kusimamisha picha, kusoma maandishi, kufikiri, na kusema sentensi nzima. Jumatatu nilizokuwepo alinijia jikoni kuuliza: ahadi inaitwaje, kiapo ni nini, mtu aliyekugeuka tunamwitaje. Nyingine sikuzijua hata mimi. Koko aliokoa jahazi kwa Kifaransa chake cha misheni, au kwa Kifulero, na mtoto akavipokea vyote kama ni Kiswahili.

Nakumbuka hasa mambo mawili.

La kwanza ni lile neno yaya. Yule mdogo wa kike hakumwita kaka yake kwa jina hata siku moja, alimwita kwa neno lao la kaka mkubwa, lakini maandishi ya Kiingereza yaliandika jina lake kila mara. Binti yangu alikuwa ameligundua kwa masikio. Akaniuliza kwa nini Kiingereza kinabadilisha. Akasema yeye akimtafsiria koko habadilishi, anasema yaya tu, na inaingia yenyewe bila kusukumwa.

La pili lilitokea siku mafundi wa taa walipomaliza kazi na kuagana mlangoni. Waliambiana neno moja refu, wakiinamisha vichwa. Maandishi yalisema kazi nzuri, na binti yangu akatafsiri hivyohivyo. Koko akakunja uso. Aliuliza iweje kijana mdogo amwambie fundi mzee kazi nzuri, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akaomba arudishiwe pale. Akarudishiwa. Alitazama nyuso zao, akatazama migongo yao iliyochoka, akasema, "Hapana. Anamwambia pole. Pole na kazi."

Binti yangu alimtazama koko, akatazama televisheni, akarudisha tena mara ya tatu. Neno pole alikuwa amelisikia tangu utotoni kutoka kwangu na kwa baba yake, lakini nadhani hakuwahi kulihesabu kuwa lake. Jioni ile mume wangu alipoingia kutoka kazini, mtoto alitoka chumbani, akapokea mkoba, akamwambia, "Pole na kazi, papa." Mume wangu alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akanitazama kuniuliza kwa macho, nami nikamwonyesha televisheni, jambo ambalo halikumsaidia.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Watu waliochora hadithi ile hawakutufikiria sisi. Walichorea watoto wa kwao. Binti yangu ananieleza kwamba kule hadithi hizi hutoka kwanza kwenye majarida ya karatasi hafifu kila wiki, na watu wazima wenye tai shingoni wanazisoma kwenye treni wakienda kazini, hakuna anayewacheka. Baadaye zinafanywa katuni, zinavuka bahari, na zikifika kwetu zimeshapitia Kiingereza. Huko njiani kuna vitu vinaanguka. Heshima za mkubwa na mdogo zinaanguka, salamu zinaanguka. Koko, ambaye hakuwahi kumwona Mjapani kwa macho yake, alikuwa akiyaona mapengo yake na kuyajaza, kwa sababu kwake pia mtu haingii nyumbani na viatu, hapokei kitu kwa mkono mmoja, na haanzi kula kabla hajasema neno la shukrani.

Kisha likaja la kanisani.

Jumamosi moja akina mama wawili wa kanisa letu walikuja kumsalimu koko. Walikuta televisheni imewaka na kiumbe mwenye pembe amejaa kioo kizima. Mmoja wao, ambaye ndiye kiongozi wa akina mama, akauliza hicho ni nini. Mtoto angeweza kuzima tu, lakini koko alikuwa na furaha ya kuwa na jambo la kusimulia. Akawaeleza kwamba wale ni watu waliokufa bila kuliliwa, ndiyo maana wanatangatanga kwenye ukungu, na yule kijana wa taa anawaonea huruma. Akina mama wakanywa chai yao haraka kuliko kawaida.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita mume wangu pembeni. Hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba watoto wetu wanalelewa mbali na nyumbani, na adui hapigi hodi, anaingia kwa picha. Mume wangu anamheshimu mchungaji yule, na ana sababu: tulipofika mjini hapa bila karatasi wala kitanda, yeye ndiye aliyetulaza kwake. Tuliporudi nyumbani akasema katuni zile basi.

Hakuna aliyebishana naye. Binti yetu akaingia chumbani na simu yake. Koko akasema sawa, mwenye nyumba amesema. Kesho yake akarudi dirishani, na Kiswahili cha mtoto kikakatika kama bomba lililofungwa. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimezoea kuingia jioni nikute sauti mbili sebuleni, moja ya kizee na moja nyembamba, zinagombana juu ya neno.

Jumatatu mbili tatu zikapita hivyo. Ndipo nikamwambia binti yangu aniwekee hadithi ile tangu mwanzo, nione mwenyewe kinachokatazwa. Alisita kwa sababu ya baba yake. Nikamwambia baba yake nitaongea naye. Tukakaa wote watatu. Nilichokiona ni mama anayekufa na kuacha watoto, kaka anayejinyima ili mdogo wake ashibe, na kijiji kinachogombania kuni. Vile viumbe vilikuwepo na vilitisha, siwezi kusema havikutisha. Lakini hakuna mtu aliyeviabudu. Watu waliviogopa, na mmoja alivihurumia.

Siku mume wangu aliyokuwa mapumzikoni nikamwomba atazame sehemu moja tu, kisha aamue. Alikaa amekunja mikono. Muziki wa mwanzo ulipopigwa, ngoma kubwa na sauti za watoto, akakunjua mikono na kuuliza, "Hii ni ya Wajapani?"

Binti akamwambia ndiyo, papa.

Akaanza kutusimulia kwamba alipokuwa mdogo Uvira, kwenye avenyu, yaani mtaa wao, palikuwa na nyumba moja tu yenye televisheni. Mwenye nyumba aliiweka kibarazani jioni na watoto wote walikaa chini. Walikuwa wakitazama katuni ya mtu wa chuma mkubwa kama mlima, aliyeendeshwa na kijana aliyekaa ndani ya kichwa chake. Wimbo wake ulikuwa wa Kifaransa na mume wangu akauimba, mistari yote, akiwa amevaa suruali yake kuukuu ya sare ya kazi. Sikuwahi kumsikia akiimba kitu kisicho cha kanisani. Akasema wao walijua kabisa kuwa ile katuni ni ya Wafaransa, kwa sababu mtu wa chuma alikuwa akiongea Kifaransa kuliko mwalimu wao.

Binti yake akachukua simu, akatafuta kwa maneno ya ule wimbo, akampa. Lilikuwa lile lile lijitu la chuma. Lilichorwa Japani. Mume wangu aliliangalia muda mrefu, akasema eish, taratibu, kama watu wa hapa wanavyosema wakishindwa. Halafu akamwambia binti yake kwamba basi yeye baba yake ndiye aliyeanza kuzitazama.

Alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumweleza. Mchungaji hakubadili maoni yake, na mume wangu hakumlazimisha. Waliachana kwa maneno kwamba nyumba ina baba, na baba atazame watoto wake wanatazama nini. Kiongozi wa akina mama alitununia kwa muda, baadaye akaacha.

Koko akarudi kwenye kochi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu tena, maana nilikuwepo, nakunja nguo mezani. Tangu asubuhi binti yangu hakuwa sawa. Baadaye nilijua kwamba wenzake shuleni walikuwa wametangulia mbele ya hadithi, na walishamwambia kitakachompata yule kaka. Alijaribu kumshawishi koko watazame kitu kingine siku ile. Koko akakataa, alitaka kujua kama taa mpya ya yule kaka imemaliza kutengenezwa.

Kwenye televisheni theluji ilikuwa inaanguka. Taa ya yule mdogo wa kike ilikuwa imelala chini njiani, inawaka upande mmoja. Yule kaka alikuwa ameegemea mti, amefumba macho, na mdogo wake amepiga magoti mbele yake anamshika mashavu. Alisema maneno mengi kwa sauti ya chini. Koko akasubiri tafsiri.

Binti yangu akasema, "Yaya amechoka. Anasafiri. Anaenda mbali kidogo, halafu atarudi."

Niliacha kukunja nguo. Nilikuwa nimeyasoma maandishi.

Koko aliinama mbele kuitazama picha. Kisha akaomba picha isimamishwe. Akamwambia mjukuu wake kuwa yule kijana amekufa. Mtoto akatikisa kichwa, akarudia kwamba amesafiri. Koko akaweka mkono wake juu ya goti la mtoto.

"Usinifiche kifo, mjukuu wangu. Mimi nilishafichwa."

Akamsimulia. Mimi nilijua kwamba mume wangu alikuwa na kaka mkubwa aliyeuawa wakati wa vita, barabarani, kwenye njia ya kwenda Baraka. Hilo tu ndilo nililoambiwa siku zote. Sikujua yaliyofuata. Koko alieleza kwamba siku habari ilipofika yeye alikuwa mgonjwa, ametoka kujifungua mtoto ambaye naye hakukaa. Wajomba na baba wadogo wakashauriana, wakaona asiambiwe. Wakasema kijana amekwenda Kalemie kutafuta kazi. Aliamini. Alikuwa akimwekea mwanawe chakula kwa wiki za mwanzo, kwa desturi tu. Noeli ilipokaribia akamshoneshea shati, akawa anauliza nani anakwenda Kalemie amchukulie. Watu wa avenyu walimsalimia macho chini, naye akadhani ni kwa sababu ya kile kichanga.

Aliyemwambia ni mama mmoja muuza samaki sokoni, ambaye alidhani koko anajua. Alimshika mkono akampa pole ya msiba wa kijana wake. Koko alisema hakulia pale. Alichukua samaki wake, akaenda nyumbani, akawapika.

Alimwambia mjukuu wake kwamba kilichomuuma zaidi baadaye si ule uongo. Ni kwamba wenzake walikuwa wameshalia, wamemaliza. Yeye alipoanza kulia, alilia peke yake. Waliomzunguka walikuwa wamechoka na ule msiba, walitaka anyamaze mapema.

Sijui mtoto wa miaka kumi na tatu anaelewa kiasi gani katika maneno kama hayo. Wangu alikuwa akilia bila sauti, kamasi zinamtoka. Alijifuta kwa mkono wa sweta ya shule. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake:

"Koko, yaya amekufa. Yale mambo ya mlimani yalimuua. Alimpa mtu mwingine taa yake."

"Haya," koko akasema. "Sasa washa tuone wanamzika namna gani."

Wakatazama maziko. Binti alitafsiri yote, hata maneno ya mzee wa kijiji, hata wimbo. Walilia pamoja, na mimi nikaja nikakaa nao nguo zikiwa bado mapajani. Wajapani wale walichoma ubani, wakaweka bakuli la wali mbele ya picha ya marehemu. Koko akauliza kama ule wali ni wake. Ndiyo, ni wake. Akaitikia kwa kichwa.

Mume wangu aliporudi jioni nilimweleza wakati anakula. Akaacha kula. Akaniambia kwamba wakati ule yeye alikuwa na umri kama wa binti yetu. Baba wadogo walimweka chini, wakamwambia akifungua mdomo mama yake atakufa, na itakuwa juu yake. Miezi ile yote alikaa sahani moja na mama yake, akimsikia anapanga safari ya shati. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na tano na hajawahi kunitajia hilo.

Alinawa mikono, akaenda sebuleni, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake. Mimi nilibaki jikoni. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, mimi nilijua," alisema.

Koko akamjibu kwamba anajua alijua. Alimwona wakati ule jinsi alivyokuwa akila macho chini, lakini hakuelewa mpaka siku ya sokoni. Baada ya hapo hakumuuliza, kwa sababu alikuwa mtoto na mzigo ule alibebeshwa. Kisha mume wangu akasema kitu ambacho sikukisikia, na koko akacheka kidogo. Walikuwa wanamzungumzia yule kaka. Alikuwa akipiga mluzi kwa vidole viwili mpaka mbwa wa mitaa miwili wanabweka. Alimfundisha mume wangu kuogelea ziwani kwa kumsukuma. Binti yetu alikaa mlangoni mwa chumba chake akisikiliza habari za baba yake mkubwa, mtu ambaye mpaka siku ile hata mimi sikuwa najua alipiga mluzi.

Hadithi ya taa iliisha, wakaanza nyingine. Koko sasa ana anachokipenda na asichokipenda. Hapendi watu wa chuma, anasema wanampigia kelele. Alipenda moja ya wapishi, akawa anabishana na jinsi wanavyokata vitunguu. Anayoipenda kuliko zote ni ya wasichana wa timu ya voliboli, ambayo haihitaji tafsiri nyingi lakini anaitaka hata hivyo, neno kwa neno, pamoja na matusi.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na sita. Anaongea Kiswahili cha Uvira, cha watu wazima, chenye maneno ambayo mimi siyatumii. Akija saluni kunipitia, tunapita Warwick kununua mboga kwa akina mama wa Kikongo, nao wanamuuliza amekuja lini kutoka nyumbani. Akiwaambia amezaliwa hapa hospitali ya mjini wanadhani anawatania. Mwaka huu ameanza kujifunza Kijapani mwenyewe, kwenye simu. Ananiambia baadhi ya sauti zake koko anazitamka vizuri kumshinda.

Tatizo letu la sasa ni macho ya koko. Yalianza kumsumbua mwaka jana. Tulimpeleka kliniki, mimi na binti yangu, na nesi alieleza mambo kwa Kiingereza akichanganya na Kizulu. Niliona binti yangu anasikiliza mpaka mwisho, halafu anamgeukia koko na kumweleza yote, moja kwa moja. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limeharibika zaidi. Kuna operesheni, lakini foleni ni ndefu, na kabla zamu yake haijafika ataendelea kuona vibaya zaidi. Nesi alishangaa kwamba maneno yamekuwa marefu vile. Aliuliza kama mzee ameelewa. Koko alitaka kujua tu kama inauma.

Tunasubiri kuitwa. Maandishi ya Kiingereza koko hakuyasoma kamwe, kwa hiyo hayo hayakumpotea. Kinachompotea sasa ni picha. Jana nilipoingia niliwakuta kwenye kochi, taa za sebule zimewashwa mapema kwa ajili yake, na binti yangu alikuwa anafanya kazi mara mbili: anasema walichokisema, kisha anasema kinachoonekana. Mpira umepanda juu. Kapteni ameruka, nywele zake zimefunguka. Upande wa pili wamebaki wawili, mmoja ameanguka.

"Nani ameanguka?" koko akauliza.

"Yule mrefu, koko. Ngoja. Anaamka."

Nikavua viatu, nikaenda jikoni kuinjika maji ya ugali.